Kwa nini nahodha makini aliiacha Mary Celeste ikiwa bado inaelea

Swali: «Jambo, papa fundi. Mimi ni mwalimu wa sekondari huku Kadutu, Bukavu. Niliwasimulia wanafunzi wangu habari za Mary Celeste, ile merikebu iliyokutwa mwaka 1872 ikijiendea yenyewe baharini bila mtu hata mmoja ndani yake. Darasa zima likawaka. Mmoja alisema amesikia kwamba chai ilikutwa mezani ingali moto. Mwingine akasema ni kazi ya mapepo. Mtoto mmoja wa kisiwa cha Idjwi, ambaye baba yake ni mvuvi, akauliza: kama watu wale waliingia mashuani, kwa nini hawakupiga kasia wakaifuata meli yao? Sikuwa na la kumjibu. Je, jibu lipo?»

Jambo sana, mama mwalimu. Swali la chai lina jibu la uhakika. Swali la kwa nini waliondoka lina jibu ninaloliamini, na nitakueleza kwa nini ninaliamini. Swali la mtoto wa Idjwi nimeliweka mwisho, kwa sababu ndilo zuri kuliko yote matatu na halijibiki mpaka mengine yawe yamekaa sawa.

Chai haikuwapo. Oliver Deveau, msaidizi wa nahodha wa meli ya Dei Gratia, alipanda Mary Celeste pamoja na mwenzake siku ilipokutwa, akaikagua, na baadaye akatoa ushahidi wake mahakamani huko Gibraltar. Hakukuta chakula kilichoandaliwa. Vyombo vya jikoni vilikuwa vimepangwa vizuri, ila jiko lenyewe lilikuwa limesukumwa likatoka mahali pake. Mapambo mengine yaliongezwa baadaye na waandishi wa hadithi na wa magazeti. Mwaka 1884 Arthur Conan Doyle, ambaye wakati huo alikuwa daktari kijana asiyejulikana, alichapisha hadithi ya kubuni iliyoegemea kisa hiki. Aliibadilisha merikebu jina kidogo, akaiita Marie Celeste, na katika hadithi hiyo mashua za meli zilikuwa bado zimening'inia mahali pake. Nakuomba uwaoneshe wanafunzi jambo hilo la mashua, kwa maana ndilo lililowapoteza watu njia. Ukiambiwa kwamba watu wametoweka na mashua ipo, utalazimika kutafuta mapepo au pweza mkubwa. Katika meli ya kweli mashua haikuwapo. Ilikuwa moja tu, na ilikuwa imekwenda.

Tuanze basi na merikebu yenyewe. Ilijengwa Spencer's Island, katika jimbo la Nova Scotia nchini Kanada, ikashushwa majini mwaka 1861 kwa jina la Amazon. Mwaka 1867 ilitupwa na dhoruba kwenye pwani ya Cape Breton, ikauzwa kama chombo kibovu, ikaingia mikononi mwa Wamarekani, nao wakaipa jina jipya. Mwanzoni mwa 1872 ilifanyiwa matengenezo makubwa ambayo ni pamoja na kuongezewa sitaha ya pili, na ilipotoka kwa mafundi ilikuwa chombo cha milingoti miwili chenye urefu wa mita 31 hivi na kina cha karibu mita 5. Nahodha wake mpya, Benjamin Briggs, mtu wa Marion katika jimbo la Massachusetts, alikuwa na umri wa miaka 37. Alikuwa mtu wa dini asiyekunywa pombe, na alikuwa amenunua hisa 8 kati ya 24 za merikebu hiyo. Mtu anayetaka kunieleza kwamba Briggs aliitupa meli kwa hila ya kupata fedha za bima, ile tunayoiita asiranse, ananitaka niamini kwamba aliitupa merikebu ambayo theluthi yake ilikuwa mali yake mwenyewe, pamoja na mkewe na mtoto wake.

Naam, mkewe alikuwamo. Aliitwa Sarah, na walikuwa na binti yao Sophia, mtoto wa miaka 2. Kaka yake Sophia, Arthur, aliyekuwa na miaka 7, aliachwa kwa bibi yake ili asikose masomo. Mabaharia walikuwa 7, wanne kati yao Wajerumani, hivyo jumla ya watu ikawa 10. Shehena ilikuwa mapipa 1,701 ya alkoholi iliyochanganywa dawa ili isinyweke, na safari ilikuwa ya kwenda Genoa, Italia. Waling'oa nanga New York tarehe 5 Novemba 1872, wakazuiwa na upepo karibu na Staten Island, wakaingia Atlantiki tarehe 7. Siku nane baadaye Dei Gratia ya nahodha David Morehouse ikafuata njia hiyohiyo, ikiwa imebeba petroli.

Tarehe 4 Desemba, mahali fulani kati ya visiwa vya Azores na pwani ya Ureno, mabaharia wa Dei Gratia waliona merikebu ikiyumba ovyo, matanga yake machache tu yakiwa yametwekwa na mengine yakiwa yamechanika au yamekwenda na upepo. Waliipungia ishara, haikujibu. Deveau alipopanda alikuta ngama, yaani tumbo la meli chini ya sitaha, ina maji ya karibu mita moja. Pampu moja ilikuwa imefunguliwa. Fimbo ya kupimia maji ya ngamani ilikuwa imelala juu ya sitaha, kana kwamba mtu ametoka kuitumia sasa hivi. Kisanduku cha dira kilikuwa kimeng'oka na kioo chake kimevunjika. Mlango mkubwa wa ngama ulikuwa umefungwa barabara, lakini ule wa mbele na ule mdogo wa nyuma ilikuwa wazi, vifuniko vyake vikiwa kando. Chakula cha miezi sita kilikuwapo. Nguo zilikuwapo, na makoti ya mvua, na viko vya mabaharia. Batli, yaani daftari ya safari, ilikuwapo chumbani mwa msaidizi wa nahodha. Kwenye kibao ambacho mabaharia huandikia hesabu za zamu kabla ya kuzihamishia katika batli, mstari wa mwisho ulikuwa wa saa mbili asubuhi ya tarehe 25 Novemba, na ulisema kwamba merikebu ilikuwa karibu na kisiwa cha Santa Maria katika Azores, umbali wa maili 6 hivi za baharini.

Hivyo ndivyo vilivyobaki. Sasa tazama visivyobaki: mashua, hati za meli isipokuwa batli, kronomita, ile saa ya baharini ambayo nahodha hupigia hesabu za longitudo, na sekstanti ya kupimia jua. Vilevile henza ya tanga kuu, ile kamba nene na ndefu ya kutwekea tanga, ilikutwa imekatika.

Mimi ni mtu wa Goma, mama mwalimu, na orodha hii naisoma kwa macho ya mtu wa Goma. Unakumbuka kwamba volkano yetu ya Nyiragongo ililipuka usiku wa tarehe 22 Mei 2021, na kwamba tarehe 27, alfajiri, gavana wa kijeshi aliamuru mitaa kumi ya mji wetu ihamwe, kwa kuwa ilihofiwa kwamba moto ulikuwa umepenya chini ya mji hadi chini ya Ziwa Kivu. Wengine wetu tulikimbilia Sake, wengine Rwanda, na wengine walipanda boti wakaja kwenu Bukavu. Mimi nilitoka na kitambulisho, karatasi za parsele, yaani za kiwanja changu, simu, na fedha kidogo zilizokuwa kwenye kopo. Maharage niliyaacha juu ya mbabula. Viatu vyangu vizuri vilibaki chini ya kitanda, na radio, na koti ambalo baadaye nililitamani sana nilipolala nje kwenye baridi ya Sake. Laiti mpelelezi angeingia nyumbani kwangu siku ile, angeona maharage, viatu na radio, angesema mtu huyu ameibwa na majini. Lakini kama angekuwa na akili angetafuta karatasi za parsele, na kwa kuzikosa angejua kwamba mwenye nyumba ametoka kwa miguu yake mwenyewe, kwa haraka, kwa kuogopa kitu, na kwa nia ya kurudi.

Briggs alichukua hati na vyombo vya kumwonesha njia, akaacha viko na makoti. Mharamia angefanya kinyume chake. Mabaharia waasi wangechukua fedha na nguo, wasingejali hati ambazo zingewapeleka kitanzini. Kwangu mimi jambo hilo ni kama limekwisha: watu 10 waliingia mashuani kwa amri ya nahodha, wakiwa na muda wa kutosha kuchukua vitu vinne au vitano vya maana, wala si zaidi ya hapo.

Mahakama ya bahari ya Gibraltar, iliyoanza kusikiliza shauri tarehe 17 Desemba, haikuona hivyo. Mwanasheria Mkuu wa pale, Frederick Solly-Flood, alishika wazo la damu tangu siku ya kwanza asiliachie. Aliona alama kama za kukatwa kwenye mbao za omo, yaani mbele ya meli, akaona upanga wenye madoa chumbani mwa nahodha, akaunda kisa: mabaharia walilewa shehena, wakamuua nahodha na familia yake, wakakimbia. Madoa yalipimwa, hayakuwa damu. Nahodha mmoja wa jeshi la maji la Marekani alizitazama zile alama za omo, akasema ni mbao tu zilizobanduka kwa kazi ya bahari. Shehena ile isingeweza kumlewesha mtu kabla ya kumuumiza tumbo vibaya. Solly-Flood alipoona hilo limeshindikana, akawageukia Morehouse na watu wake, kwamba labda wao ndio walioua, au labda walikula njama na Briggs. Hakuna lililothibitishwa. Mnamo Aprili 1873 mahakama iliwapa waokoaji pauni 1,700, ambazo ni kama sehemu moja ya tano ya thamani ya meli na shehena, tuzo ndogo kwa watu walioileta bandarini merikebu yenye maji ngamani wakiwa watatu tu ndani yake. Na tuhuma zile ziliwafuata. Nimewahi kukutana na maofisa wa namna ya Solly-Flood kwenye gati za ziwa letu pia: mtu anayeanza na hukumu, kisha anazunguka boti akitafuta ushahidi wa kuivika.

Tunabaki na swali moja tu la maana. Briggs aliogopa nini?

Wengi husema aliogopa mvuke wa alkoholi. Mapipa yalipopakuliwa Genoa, 9 yalikutwa matupu, na inasemwa kwamba hayo 9 yalikuwa ya mwaloni mwekundu, mbao ambayo huvuja kuliko mwaloni mweupe uliotumika kwa mengine. Wewe na mimi hatuhitaji kuelezwa hatari ya hewa isiyoonekana. Watoto wa Goma hufundishwa tangu wadogo kuhusu mazuku, ile hewa nzito inayotoka ardhini na kulala kwenye mabonde madogo, mpaka asubuhi mbuzi anakutwa amekufa na nyasi zimesimama vilevile. Mvuke wa alkoholi nao ni mzito kuliko hewa, hukaa chini ngamani, na tofauti ni kwamba huu hushika moto. Wanaoshikilia maoni haya husema kwamba merikebu ilipotoka kwenye baridi ya New York ikaingia kwenye joto la Azores, mapipa yalivuja zaidi, mvuke ukakusanyika, mlango wa ngama ulipofunguliwa ukatoka kwa kishindo au ukawaka ghafla, na Briggs akawaamuru wote washuke kabla meli haijapasuka. Zamani ilipingwa kwamba mlipuko ungeacha alama za moto. Mwaka 2006 mkemia Andrea Sella wa chuo kikuu cha London alijenga mfano wa ngama, akaweka vipande vya karatasi badala ya mapipa, akawasha gesi ya butani ndani yake. Ukatokea ulimi mkubwa wa moto, na baada yake karatasi hazikuwa na hata masizi. Kwa hiyo mwako usioacha alama unawezekana.

Naheshimu maoni hayo, lakini hayaniingii kichwani kabisa, kwa sababu ya mambo mawili ambayo Deveau aliyataja na ambayo wapenzi wa mlipuko huyapita haraka: pampu iliyofunguliwa na fimbo iliyolala sitahani. Mtu anayeogopa moto hafungui pampu. Hayo ni mambo ya mtu anayeogopa maji.

Niruhusu hapa nikusimulie kisa cha kazini. Nilipokuwa bado fundi kijana, nilifanya kazi kwenye boti ya mbao iliyokuwa ikileta makala, yaani makaa ya kupikia, Goma kutoka upande wa Kalehe. Mvua ilikuwa imetunyeshea usiku kucha. Tulipokaribia Minova, pampu ilianza kutoa maji kidogo, kisha ikawa inakohoa tu. Ngama ilikuwa imejaa magunia mpaka juu, hivyo hakuna aliyeweza kuona maji yamefika wapi. Tulisikia tu yakipiga huku na huku chini ya magunia. Tajiri wa boti, ambaye alikuwa nasi, alishika kichwa. Abiria wawili walianza kuyatupa magunia ziwani. Nahodha wetu aliiteremsha fimbo kwenye tundu mara tatu, na mara tatu ilitoa kipimo tofauti, kwa maana boti inapoyumba maji hukimbilia upande mmoja na fimbo husema uongo bila kosa lake. Mimi nilipiga magoti nikaifungua pampu. Kile kiwambo cha ngozi kinachoruhusu maji kupanda na kuyazuia yasirudi kilikuwa kimefunikwa na tope jeusi, laini, zito kama dawa ya viatu. Vumbi la makala, maji ya mvua na grisi. Nilikisafisha kwa kidole na kanga ya mama mmoja, na nilipoirudisha pampu na maji kupungua, tuligundua kwamba yalikuwa hayajafika hata gotini. Lakini nakuambia kweli, kama kungekuwa na mitumbwi karibu saa ile, nusu yetu tungekuwa tumeshashuka.

Ndiyo sababu nilishtuka niliposoma kwamba Mary Celeste, katika safari iliyotangulia ile ya mwisho, ilibeba makaa ya mawe, na kwamba mara baada ya hapo ilipitia mikono ya maseremala waliokata na kuranda mbao kwa miezi. Vumbi la makaa na maranda ya mbao chini ya sakafu ya ngama, kisha bahari chafu ya Novemba inayoyachanganya yote na maji: mimi nimekiona kile ambacho mchanganyiko huo hufanya ndani ya pampu. Mtafiti Anne MacGregor, aliyelishughulikia jambo hili kwa filamu ya mwaka 2007, aliliunganisha na jambo jingine. Kwa kuzipitia upya namba za batli, ilionekana kwamba Briggs alikuwa maili 120 upande wa magharibi wa pale alipodhani yupo, pengine kwa sababu kronomita yake haikuwa sahihi, na kwamba kwa hesabu zake alipaswa kuiona nchi kavu siku tatu kabla hajaiona.

Sasa jiweke mahali pake. Umetoka kupita usiku wa upepo mkali. Siku tatu umeitafuta nchi kavu hukuiona, hivyo huiamini tena saa yako. Ngama imepakiwa mapipa 1,701 na huwezi kuona chini. Pampu imeziba, umeifungua na haijapona. Fimbo inakupa kipimo cha kutisha. Mkeo na mtoto wa miaka 2 wako chumbani. Kisha kunakucha, na hapo mbele, maili sita tu, ni Santa Maria. Nahodha mwenye uzoefu angeweza kusema kwamba nafasi kama hii haitarudi. Wakosoaji humwita Briggs mwoga kwa sababu mita moja ya maji katika merikebu yenye kina cha mita 5 si kifo, na ni kweli Deveau na watu wawili waliyatoa maji hayo wakaifikisha Gibraltar. Lakini Deveau aliyaona maji yenyewe kwa utulivu, akiwa na meli yake nzima ikimsubiri pembeni. Briggs hakuwa na meli ya pili.

Isitoshe, hakuwa wa mwisho kukosea hivyo. Mwaka 1955 chombo kiitwacho Joyita kiliondoka Apia, Samoa, na watu 25, kikakutwa zaidi ya wiki tano baadaye kikielea kimejaa maji, hakuna mtu. Bomba lililooza lilikuwa limeingiza maji, na pampu zisizo na chujio ziliziba takataka. Ubavu wa ndani wa Joyita ulikuwa umewekewa magome ya mti yanayoelea, ya kile kizibo cha chupa, kiasi kwamba kisingeweza kuzama hata kwa kukusudia. Nayo Mary Celeste ilikuwa imejaa mapipa yaliyofungwa ya kitu chepesi kuliko maji. Watu wa vyombo hivi viwili waliacha vitu vinavyoelea wakaingia katika vitu vinavyopinduka.

Kuhusu mwisho wa merikebu nitasema kidogo, maana wanafunzi watauliza. Iliendelea kufanya kazi kwa miaka 12 ikipita mkono hadi mkono, hakuna aliyeipenda. Tarehe 3 Januari 1885 nahodha Gilman Parker aliipandisha kwa makusudi juu ya mwamba wa Rochelois huko Haiti, ikiwa na shehena ya takataka iliyowekewa bima ya dola 30,000. Alishtakiwa Boston, baraza la mahakama likashindwa kukubaliana, na Parker akafa miezi michache baadaye akiwa maskini. Kwa hiyo wale wanaotafuta ulaghai wa bima katika kisa cha Mary Celeste watauona, ila wamekosea mwaka na nahodha.

Tumfikie mtoto wa Idjwi. Mwambie kwamba naamini Briggs hakukusudia kuiacha meli aende zake. Alikusudia kujifunga nyuma yake kwa kamba ndefu na kungoja aone kama inazama, huku Santa Maria ikiwa karibu iwapo itazama. Oliver Cobb, ndugu wa mke wa nahodha, aliwahi kueleza kwamba henza ya tanga kuu ndiyo iliyotumika kuwa kamba hiyo, kwa kuwa ilikuwa nene, ndefu, na iko tayari mkononi. Henza hiyo ndiyo Deveau aliyoikuta imekatika. Matanga yaliyobaki yametwekwa yalitosha kuivuta merikebu pale upepo ulipoamka, na kamba inayovuta mashua nzito katika mawimbi haikazwi polepole. Hulegea, kisha hukazwa kwa pigo moja, kisha hulegea tena, kama mtu anayempiga mwenzake mjeledi.

Sasa apige hesabu mwenyewe, maana yeye anajua kasia kuliko mimi na wewe. Merikebu yenye matanga machache, kwa upepo wa wastani, inaweza kwenda maili 3 za baharini kwa saa. Mashua ndogo yenye watu 10, mmoja mtoto, maji yakiwa karibu na ukingo na mawimbi yakiipiga, wapiga kasia hodari wataipa maili moja na nusu, labda mbili kwa nusu saa ya kwanza kabla mikono haijachoka. Tuseme mbili. Kila saa meli inawazidi kwa maili nyingine nzima, yaani kilomita moja na mita 852. Mtu aliyekaa mashuani, jicho lake likiwa mita moja juu ya maji, haoni uso wa bahari zaidi ya kilomita 3.6 hivi. Saa mbili baada ya kamba kukatika, wale waliokaa nyuma wakitazama mbele wangeanza kuona maji yakipanda kwenye ubavu wa merikebu yao, na wale wanaopiga kasia, ambao hukaa wakiipa mgongo njia yao, wangelazimika kuuliza kama bado inaonekana.